Mguu Usiosikia Maji

Lubumbashi, Ijumaa Kuu, jioni.

Mvua inanyesha tangu mchana, ile ya mwisho wa msimu ambayo haina haraka tena, na udongo mwekundu wa Katuba umekuwa uji. Umeme hakuna. Naandika kwa simu, mguu wangu wa kuume umelazwa juu ya kiti cha plastiki kama mgeni wa heshima. Umefungwa kitambaa cha zambarau. Nautazama. Wenyewe haunijui.

Shajara yangu, leo naogopa. Naandika hivyo mapema, kabla sijaanza mizaha yangu. Unanijua.

Kwa wale waliofika leo kwenye shajara hii ya mtandaoni kwa kupotea njia: mimi ni fundi wa kushona nguo, mtu mzima mwenye tumbo linalofika mahali kabla yake. Parokiani wananiita Papa Pilato. Kila Ijumaa Kuu, yakisomwa Mateso ya Bwana, padri husoma maneno ya Yesu, mwalimu mmoja husoma masimulizi, na mimi hupewa mabaki yote: Petro anayekana, watu wanaopiga kelele, na Pilato. Mungu alininyima shingo akanipa sauti. Hata sokoni watu wasiojua jina langu huniita Pilato, na sijawahi kukasirika. Mtu akimhukumu Yesu mbele ya kanisa zima kwa sauti nzuri, halafu akina mama wakampongeza mlangoni, ni vigumu arudi nyumbani akiwa mnyenyekevu.

Sasa habari ya mguu.

Nina sukari. Hilo mke wangu, Mama Odette, analijua. Ndiye anayelinda kopo la sukari ya chai kama askari wa benki. Asichokijua ni kwamba tangu mvua ya kwanza ya msimu huu mguu wa kuume uliacha kusikia. Ulianzia vidoleni, kama soksi ambayo sikumbuki kuivaa. Kisha soksi hiyo ikawa inapanda.

Mashine yangu ni ya kukanyaga. Siku moja, Kwaresima ikianza, nilikuwa nashona vitambaa vya zambarau vya kufunikia sanamu za kanisa. Ghafla mshono ukatimua mbio, ukapita alama, ukapinda. Niligeuka nimkaripie aliyenisukuma. Nyumba ilikuwa tupu. Ulikuwa mguu wangu mwenyewe, unakanyaga bila mimi. Tangu hapo nashona kwa masikio: nasikiliza mashine ili nijue mguu unafanya nini.

Ni kama kuishi na mtu chini ya meza.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ya Yaya Stani, kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akiuza samaki Kasenga. Naye alikuwa na sukari. Aliingia hospitali kwa miguu yake akilalamikia kidole gumba. Wakakata kidole. Wakarudi, wakakata mpaka kifundo. Wakarudi tena, wakakata juu ya goti. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Mudogo wangu, nikune kwa kidole kikubwa. Kinaniwasha sana." Kidole hakikuwepo. Mguu haukuwepo. Shuka lilikuwa limelala bapa juu ya godoro. Lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kubisha, basi nikainama nikakuna hewa, pale ambapo kidole kingekuwa. Akafumba macho. Akasema, "Asante. Njo pale pale," yaani ndipo hapo hapo.

Yeye alikuwa akisikia mguu ambao hana. Mimi nina mguu ambao sisikii. Nimewaza habari hiyo tangu mvua ya kwanza, na sijamwambia mtu.

Jana, Alhamisi Kuu, nilichaguliwa kati ya wale kumi na wawili wa kuoshwa miguu. Kwetu, ukichaguliwa, miguu yako inaoshwa nyumbani kwanza. Hakuna anayempelekea padri uchafu wake. Wanaume wanasuguliwa na wake zao kwa jiwe, wanakatwa kucha, wanapakwa mafuta, wengine hata manukato. Tunamwomba Bwana atuoshe tukiwa tumekwisha kuoshwa. Sijawahi kuona ajabu katika hilo mpaka jana, Mama Odette alipokuja chumbani na beseni na jiwe, nami nikafunga mlango.

"Papa Odette, fungula! Ile miguu iko ya nani, ya serikali?"

"Nitajiosha mwenyewe."

"Na tumbo yako ile, utaifikia wapi?"

Sikufika. Nilimwagia maji kwa mbali kama mtu anayemwagilia mchicha, nikavaa soksi, nikatoka nikijisifu moyoni kwamba mimi ni mwanamume wa kujitegemea.

Kanisani padri akapiga magoti mbele yangu. Ni kijana, nilimshonea kanzu yake ya kwanza. Akaushika mguu wa kuume, akamimina maji, akaukausha, akaubusu. Mimi niliyaona yote hayo kutoka juu, kama mtu anayechungulia dirishani mguu wa jirani ukioshwa. Papa Muhindo, mfanyabiashara wa mchele kutoka Butembo ambaye siku zote hukaa karibu nami, alininong'oneza akitetemeka: "Ile mayi ni ya baridi, ndugu yangu! Imefika mpaka kwa meno."

"Sana," nikasema. "Mpaka kwa meno."

Hata baridi niliiazima kwake.

Leo mchana nilikwenda kanisani kabla ya watu. Kanisa la Ijumaa Kuu silipendi nikiwa peke yangu. Kengele zimenyamaza, watu wanaitwa kwa kugonga kibao. Altare iko uchi, na sanamu zote zimefunikwa, zimesimama kwenye kuta kama watu waliojifunika shuka wakikusubiri upite. Mimi ndiye niliyewashonea hayo mashuka, nawajua vipimo vyao mabega na kiuno, na bado nilipita haraka.

Msalaba wetu mkubwa umeundwa kwa mbao za reli, zile ambazo vyuma vya njia ya treni hulalia. Babu zetu waliletwa mji huu na kazi ya mgodi na ya reli, na walipojenga kanisa walimtundika Bwana kwenye kile walichokuwa nacho. Mbao hizo hazikubali pini. Kwa hiyo kitambaa chake nilikuwa nimekikaza kwa misumari midogo, niliyoazima kwa jirani yangu fundi viatu. Leo ilibidi niing'oe, ili padri aweze kuufunua msalaba kidogo kidogo, mara tatu, kama ibada inavyotaka. Nilivua viatu na soksi kwa heshima ya mahali pale. Misumari nikaishika kati ya midomo, kama tunavyofanya mafundi, nikawa naimba kwa pua. Nilipomaliza nikavaa tena soksi zangu nyeusi na viatu vyangu vya sikukuu.

Saa tisa watu walijaa. Mbingu ilikuwa nyeusi, mishumaa ikawashwa. Tukasimama kusoma Mateso. Masomo hayo ni marefu. Mwalimu alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, hata padri alijiegemeza. Mimi nilisimama kama nguzo. Nilijisikia vizuri, nisifiche. Nilipofika pale Pilato anapomtoa Yesu nje ili watu wamtazame, radi ikapiga, na kanisa zima likashusha pumzi. Ningelipanga mwenyewe jambo hilo, lisingefana hivyo.

Kulikuwa na harufu ya chuma, kama sarafu mdomoni. Nikasema ni ile misumari.

Ikaja zamu ya kuubusu msalaba. Kwetu mtu huenda bila viatu. Mimi, kwa kuwa ni msomaji, huenda kati ya wa kwanza. Soksi nilizivua chini ya benchi kwa kusukumana mguu kwa mguu, maana kuinama ni safari. Ile ya kuume ilikuwa na unyevu. Mvua, nikasema. Nikaenda, nikapiga magoti, nikabusu mbao ambayo mpaka leo inanuka mafuta ya treni, nikarudi, nikainamisha kichwa.

Kwanza, katika kwaya iliyokuwa ikiimba, ziliacha sauti za juu. Kisha sauti za kati. Wimbo ukawa unakatika uzi mmoja mmoja, mpaka akabaki mzee mmoja wa besi aliyekuwa amefumba macho, halafu naye akanyamaza. Nikainua kichwa.

Mama Monga, kiongozi wa akina mama, alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono juu ya mdomo. Alikuwa akitazama sakafuni.

"Yesu wangu," akasema. "Damu."

Zilikuwa nyayo. Juu ya sementi ya kijivu, kwa mwanga wa mishumaa, zilionekana nyeusi. Zilikwenda mpaka msalabani na zikarudi. Na zilikuwa za mguu mmoja tu. Wa kuume, wa kuume, wa kuume, na katikati hakuna kitu, kana kwamba mwenye mguu mmoja amepita kati yetu na hakuna aliyemwona.

Shajara, nywele zilinisimama, hizo chache.

Mwanamke mmoja akaanguka magotini. "Ni Bwana! Bwana iko anatembea mu kanisa!"

"Bwana iko na miguu mbili, mama," mwanamume mmoja akajibu kutoka nyuma. "Hii haiko ya Mungu. Hii iko bulozi."

Bulozi ni uchawi. Neno hilo likitamkwa kwetu mbele ya watu, halibaki hewani. Linatafuta mahali pa kutua. Nililiona likitua. Mama Feza, mjane aliyerudi kutoka Mokambo baada ya kuzika mume na mtoto, na ambaye tayari watu hunong'ona habari zake, alikuwa bado amesimama karibu na msalaba, viatu mkononi. Alikuwa amenifuata mimi kwenye mstari. Mtu wa nyuma yake akarudi nyuma. Wa nyuma ya huyo naye akarudi. Pakafanyika duara, yeye peke yake katikati.

Aliinua unyayo mmoja akatuonyesha, kisha wa pili, kama mtoto anayekaguliwa mlangoni. Zote mbili zilikuwa safi kabisa. Duara likazidi kupanuka.

Naandika hili polepole. Nami nilimtazama. Nami nilisema moyoni: kwa kweli, yule mama...

Halafu, kwa udadisi tu, nikaanza kuzifuata zile nyayo kwa macho zilikorudia. Zikashuka ngazi ya altare. Zikapita benchi la mbele. Zikapinda. Zikaingia kwenye safu yetu, zikapita mbele ya Papa Muhindo, ambaye alikuwa ameinua miguu yote miwili juu ya benchi, na zikaishia chini ya tumbo langu.

"Papa Pilato," Papa Muhindo alininong'oneza, na hakuwa anatania. "Angalia muguu yako."

Sikuhitaji kuangalia. Mwili mzima ulijua, isipokuwa mguu.

Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Giza lilikuwepo. Kuingiza mguu kwenye kiatu, kuinamisha kichwa, kuanzisha wimbo; sauti ninayo, wangenifuata. Papa Muhindo asingesema, ni rafiki. Kazi hiyo nimeisoma miaka yote na kupongezwa: kujua kwamba mtu hana kosa na kuwaachia watu wamfanye wanavyotaka. Na nikisimama, ningesimama na mguu wote. Mama Odette angeuona. Hospitali ingeuona. Msumeno wa Yaya Stani ungeuona.

Siku zote wametuhubiria misumari na taji la miiba. Leo nilifikiri habari ya nguo. Labda kwa sababu ndiyo kazi yangu. Walimvua. Miaka yote nawavalisha watu ili wasionekane walivyo: wenye tumbo, wenye kibyongo, wenye mguu mfupi, fundi mzuri ni yule anayeficha. Naye alisimama amevuliwa, akaacha atazamwe. Hakujifunika kwa mkono. Sikuwahi kujua kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya mateso, na pengine kwangu mimi ndilo kubwa kuliko misumari.

Nikasimama.

"Njo miye," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, si ya Pilato hata kidogo. "Iko damu yangu. Muachieni uyu mama."

"Weye?" Mama Monga alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Na unasimama vile, bila hata kulia?"

"Sisikie, mama. Huu muguu hausikie kitu."

Mtu alicheka nyuma, kicheko cha woga, akakatiza. Padri akashuka, naye bila viatu, akapiga magoti mbele yangu kwa mara ya pili tangu jana. Safari hii mguu haukuwa umemwagiwa hata maji. Akaunyanyua mguu karibu na mshumaa, na watu wa benchi la mbele wakaona wote: msumari mdogo wa viatu, umezama nyamani mpaka kichwa chake. Nilikuwa nimeukanyaga mchana ulipodondoka kutoka kinywani mwangu, nikauvalia soksi na kiatu, nikasimama juu yake Mateso yote.

"Papa, tangu lini?" padri akauliza.

"Musumari? Mchana."

"Apana. Kutosikia."

"Tangu mvua ya kwanza."

"Tangu mvua ya kwanza!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Odette, kutoka upande wa akina mama, na hakuna mtu kanisani ambaye hakuisikia. "Na sasa mvua inaisha!"

Padri aliangaza macho kutafuta kitambaa. Cha karibu kilikuwa kile cha zambarau, kilichotoka kuvuliwa msalabani. Akanifunga nacho. Nikaona mshono wangu ukizunguka kifundo, umepinda. Ni ule wa siku mashine ilipokimbia.

Ibada iliendelea bila Pilato. Nilitolewa na Papa Muhindo upande mmoja na, upande wa pili, Mama Feza. Hakuna aliyemwita. Alikuja tu, akaweka viatu vyake chini, akaniingizia bega kwapani. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nilimtazama kama wengine. Nilimwambia, kwa sikio.

"Nilikuona," akasema. "Tembea, papa."

"Uko muzito," Papa Muhindo alilalamika. "Ule musalaba wa reli haukufikie."

Sakristiani, chumbani anakovalia padri, muuguzi mmoja wa kwaya aliuchomoa msumari. Sikusikia kitu. Nilimtazama usoni badala ya mguuni, na hilo ndilo lililonitisha. Alibonyeza kuzunguka, akakinusa kile kitambaa, akabonyeza tena mahali ambapo msumari haukufika kabisa, na uso wake ukakunjamana. Akaniambia nisingoje Jumatatu ya Pasaka. Kesho, asubuhi mapema, hospitali.

Sasa niko nyumbani. Nilitegemea kugombezwa, nilikuwa nimeandaa hata majibu. Mama Odette hakunigombeza. Alipasha maji kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, akaleta beseni, akakaa chini kwenye kigoda. Akafungua kitambaa. Sikufunga mlango.

Alianza kuosha, akizunguka tundu la msumari kwa uangalifu. Kisha akabonyeza kidole gumba.

"Hapa?"

"Apana."

Katikati ya unyayo. "Hapa?"

"Apana."

Kisigino. Nilitikisa kichwa. Alikuwa akipanda polepole kwa vidole vilivyolowa, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Kifundo. Hapana. Mvua ilikuwa ikigonga bati. Niliuona mkono wake mguuni mwangu na sikuwa pale. Nilifikiri habari ya shuka lililolala bapa, nikafikiri kwamba labda halina mwisho, labda atapanda mpaka moyoni na nitaendelea kusema hapana.

Juu kidogo ya kifundo, nikasikia. Kitu chembamba. Vuguvugu.

"Hapo," nikasema, na nikaanza kulia kama mjinga.

Akaacha mkono wake hapo. Kisha akasema, "Papa Pilato, hata mayi ya moto umesikia kwa kuchelewa," na akalia naye.

Naandika baada ya yeye kwenda kupika. Nimejaribu kusali. Maneno ya mwisho ya Yesu msalabani katika Luka, yale ya kujiweka mikononi mwa Baba, husomwa na padri Jumapili ya Matawi. Hayamo katika mabaki yangu, na nimegundua kwamba sijawahi kuyatamka kwa kinywa changu. Leo nimeyatamka. Roho niliitoa zamani, Bwana, ilikuwa rahisi, haionekani na haikanyagi mashine. Mguu ndio unaonishinda. Naomba unisamehe, nautoa huku nikiuvuta. Ukinirudishia, nitashukuru. Usiponirudishia, sijui nitasema nini, na sitajifanya najua.

Papa Muhindo amesema atakuja na gari lake kukipambazuka. Itakuwa Jumamosi Kuu, siku ambayo Yeye amelala kaburini na hakuna misa, hakuna kengele, watu wanangoja tu. Basi nami nitangoja nao.

Kwa kuwa mguu umefungwa na hauingii kokote, niliweka karibu na mlango kiatu kimoja, cha kushoto, tayari kwa kesho. Nilipoinua macho kutoka kwenye simu hii, Mama Odette alikuwa amepita. Sikumsikia. Kiatu cha kuume kilikuwa pale kando ya mwenzake, kimeoshwa ndani, kimeelekezwa nje.

Anataka nirudi na miguu yote miwili. Nami sijakigusa.